Breka ikikata, si lazima taa ziwe mbovu

Wenye maduka na maghala wengi wameondoa taa za zamani na kufunga za LED ili kupunguza gharama za umeme. Hata hivyo, baadhi yao hukuta breka ikikata kila asubuhi wanapowasha taa, ingawa hesabu ya wati haina kasoro. Matokeo yake taa hurudishwa dukani zikidaiwa kuwa mbovu, na muuzaji hupata hasara bure.

Tuchukue mfano wa ghala lenye taa 40 za wati 36. Jumla ni wati 1,440, ambazo kwa umeme wa volti 230 ni kama ampea 6 hadi 7. Kwa hesabu hiyo breka ya ampea 10 inatosha. Tatizo liko kwenye kuwasha. Ndani ya draiva ya kila taa mna kapasita. Umeme ukifika, kapasita hiyo hujaa ghafla na kuvuta mkondo unaoweza kuwa mara kumi kadhaa ya ule wa kawaida, mara nyingi kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Taa moja haina neno. Taa 40 kwa mpigo zaweza kukatisha breka na, baada ya muda, kuunguza swichi. Hali hiyo hujirudia kila umeme unapokatika na kurudi.

Ufumbuzi upo. Kwanza, taa zigawanywe katika laini mbili au tatu na kuwashwa kwa zamu. Pili, breka ya aina C, inayokata papo hapo mkondo ukifika mara 5 hadi 10 ya kiwango chake, huvumilia zaidi kuliko ya aina B, ambayo ni mara 3 hadi 5; lakini fundi apime laini kwanza. Tatu, vipo vifaa vya kupunguza mkondo wa kuwashia, vinavyofungwa mwanzoni mwa laini.

Jambo la hatari ni kuweka breka kubwa kuliko uwezo wa waya. Taa zitawaka, lakini waya ukizidiwa hautakuwa na kinga, na mali yote yaweza kuteketea.

Waagizaji nao wadai karatasi ya vipimo ya draiva kabla ya kulipia shehena. Watengenezaji makini huonyesha humo idadi ya draiva zinazofaa kwa breka moja. Taa ya bei poa isiyo na maelezo hayo yaweza kumgharimu mnunuzi waya na fundi zaidi, na nafuu yote ikaishia hapo.