GÉDÉON: BUNDUKI ILIMUPANDISHA, BUNDUKI IKAMUSHUSHA



Mu Biblia, kitabu cha Waamuzi, tunamukuta Gideoni. Alikuwa mutu wa kawaida, anapura ngano kwa kujificha juu ya woga wa adui. Mungu akamuita, naye akashinda vita na watu 300 tu. Kisha watu wakamuomba awatawale, akakataa.

Hapa kwetu Katanga kulitokea mutu mwenye jina lile lile: Gédéon Kyungu Mutanga. Yeye naye alianza kwa kupigana na adui. Lakini saa ya kuweka silaha chini ilipofika, hakuiweka. Njo habari yake tunataka kuwaambia, kwa maana vijana wetu wangali wanasikia jina lake.

KUPANDA

Vita ya 1998 ilipoingia, serikali iliwapa vijana wa kaskazini ya Katanga silaha, wazuie jeshi la Rwanda na waasi wa RCD. Vijana wale njo Mayi-Mayi. Gédéon akawa mukubwa wao upande wa Mitwaba, na jina lake likatisha.

Mu 2003 wakubwa wa vita wakaingia serikali moja, lakini kule porini bunduki zikabaki mukononi. Bunduki iliyokosa adui inajitafutia mwingine. Ikageukia wanakijiji wenyewe. Kati ya Mitwaba, Manono na Pweto watu waliuawa, nyumba zikachomwa. Fasi ile ikaitwa pembetatu ya mauti. Kati ya 2005 na 2006, watu karibu 150,000 walikimbia vita ya Mayi-Mayi na jeshi, wakaacha mihogo mu mashamba na wazee mu njia.

MILANGO MINNE

Mulango wa kwanza ulifunguka mu Mei 2006. Gédéon alijitoa mbele ya MONUC kule Mitwaba. Akapelekwa mbele ya tribinali ya kijeshi iliyoketi Kipushi. Mu Machi 2009 akahukumiwa kifo kwa makosa makubwa juu ya watu. Hukumu ile haikutekelezwa. Akabaki mu gereza ya Kasapa, Lubumbashi.

Mutu anaweza kusema: gereza ni mulango gani? Ndugu, hata gereza ni mulango. Yule munyang'anyi musalabani alitubu akiwa amekwisha kuhukumiwa, na Yesu akamupokea. Lakini tarehe 7 Septemba 2011 watu wenye silaha walishambulia Kasapa. Wafungwa zaidi ya 900 wakatoroka, Gédéon pamoja nao. Mulango wa pili akauacha nyuma yake.

Kule porini jina lake likaungana na Kata Katanga, wale waliotaka kuikata Katanga toka Kongo. Tarehe 23 Machi 2013 wafuasi wao waliingia Lubumbashi. Wengi walibeba mishale na dawa za kufunga shingoni, wakiamini risasi haitawaingia. Risasi iliwaingia. Wengi walikufa mu njia za muji, na kila mumoja alikuwa mutoto wa mama fulani.

Mu Oktoba 2016 mulango wa tatu ukafunguka. Gédéon akatoka porini kule Malambwe, na mu Lubumbashi wakubwa wakamupokea kama mugeni wa heshima. Watetezi wa haki wakalalamika: huyu amehukumiwa kifo, namna gani anapigiwa makofi? Nasi tunauliza: mujane wa Mitwaba aliposikia makofi yale, alisema nini moyoni? Kusamehe ni kuzuri, lakini kusamehe bila kuungama ni kufunika kidonda chenye usaha.

Akapewa nyumba, akalindwa. Hii ilikuwa mulango wa ine: kukaa kimya, kuungama, kulea watoto. Tarehe 28 Machi 2020, wafuasi wake waliingia Lubumbashi na hapa Likasi. Watu walilala chini mu nyumba zao, risasi zinalia inje. Siku ile Gédéon akatoroka tena, akarudi kuwa mutu wa kuwindwa.

ALIPATA NINI?

Tuhesabu. Alipata jina, hakupata usingizi. Alipata nyumba, hakupata jirani. Mu Februari 2018 Umoja wa Mataifa ulimutia mu orodha ya watu waliofungiwa njia za dunia. Mutu aliyetisha vijiji vitatu mara moja hawezi kutoka kununua mukate kwa amani.

Kijana, siku moja mutu atakuja ku mugodi, fasi mnachimba mawe na hamupati kitu, atasema: "Kuya, tutakupa cheo, tutakupa dawa, utakuwa mukubwa." Muulize: wale wa 2013 wako wapi? Anayekupa dawa, mbona yeye anabaki nyuma?

Na wazazi, tusiwalaumu vijana peke yao. Mutoto asiyekuwa na masomo, kazi wala mutu wa kumusikiliza, anasikiliza yule wa kwanza aliyemuita kwa jina. Tumuite sisi kwanza.

Usiku ule Getsemane, Yesu alimuambia Petro arudishe upanga mu fasi yake. Petro alirudisha, njo maana tunamukumbuka kama mutume, si kama mupiganaji.

MASWALI YA KUZUNGUMUZA NYUMBANI

1. Gideoni wa Biblia alikataa kutawala. Kwa sababu gani?
2. Kusamehe na kuficha kosa, tofauti ni nini?
3. Mu njia yetu kuna kijana gani ambaye hakuna mutu anamuita kwa jina?