Dago la Kaskazi: Tusirundikane Pwani Moja

Wanachama wetu wote wajua kwamba mikarafuu haizai sawasawa. Mwaka wa neema hufuatwa na uhaba, na wakati wa uhaba wengi wetu hutazama baharini. Kaskazi ikianza kuvuma mwezi wa Desemba, na maji yakatulia, mashua za Pemba huvuka kwenda dago pwani ya Tanga: Moa, Kigombe, Kipumbwi na Mkwaja. Desturi hii tumeirithi kwa wazee, wala hatuikatazi. Tunalotaka kulisema ni msongamano.

Mashua zikifika zote kwa wakati mmoja katika pwani moja, hasara huwa tatu. Samaki hujaa mnadani na bei ikaanguka. Kuni na chumvi za kutengenezea dagaa zikapanda. Na kisima kimoja kikanywewa na watu wengi wasio na choo. Hili la tatu ndilo zito. Kipindupindu kilipozuka Zanzibar mwaka 1978 kilianzia katika kijiji cha wavuvi. Watu 411 waliugua, na 51 wakafariki. Aliyekwenda kutafuta riziki asirudishwe nyumbani amebebwa.

Kwa hivyo twashauri haya. Kaskazi huendelea mpaka Machi, basi si lazima wote tung'oe nanga Desemba. Mwenye karafuu juani amalize kuanika na kuuza kwanza, aende wa mwanzo wakianza kurudi. Kabla ya mashua kuondoka, watangulie watu wawili kuuliza kama pana nafasi, pana maji, na wageni wangapi wamekwisha kufika. Mkifika, nendeni kwa mwenyekiti wa kijiji na kamati ya wavuvi kabla ya kushusha nyavu. Uvuvi wa pwani si jambo la Muungano. Kila upande una sheria zake, na leseni ya huku haitoshi kule. Chimbeni choo mbali na kisima, na maji ya kunywa yachemsheni.

Wako wanaokimbia msongamano kwa kupiga kambi pasipo mtu. Jihadharini! Maziwe, mbele ya Pangani, zamani kilikuwa kisiwa chenye miti. Kufika miaka ya 1980 miti yote ilikwisha, na leo ni fungu la mchanga ambalo maji makuu hulifunika. Tena ni eneo la hifadhi. Vivyo hivyo bahari ya Tanga mpaka Kigombe na kusini yake imo katika Hifadhi ya Silikanti tangu 2009. Mahali patupu huwa na sababu ya kuwa patupu.

Anayekusudia kwenda dago na afike ofisini kwetu kutaja mashua yake, nahodha, na pwani anayoielekea, tupate kuwagawa. Wenyeji wa Tanga wametupokea miaka mingi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tusiende kwa wingi wa kumfanya mwenyeji augue.