Uko na lisansi, unafuma nini?



Kuna swali moja ninaulizwaga karibu kila wiki. Nimekaa mbele ya nyumba huku kwetu Majengo, uzi kwenye magoti, kroshe mu mkono. Jirani anapita, anasimama: «Weye si ulisomaka agronomia? Uko na lisansi, unafuma nini sasa?» Ananiangalia kwa huruma, kama vile amenikuta hospitali. Zamani nilikuwa naficha uzi chini ya kitenge. Siku hizi najibu tu kwamba nafuma kofia. Leo nataka nijibu vizuri zaidi, juu najua wengi kati yetu tuko nyumbani tangu mwanzo wa 2025, na mikono yetu haina kazi.

Tuanze na kitu chenyewe. Kroshe ni kutengeneza kitambaa kwa uzi mmoja na kijiti kimoja chenye ndoano kwenye ncha. Yangu ya kwanza mama aliichonga kutoka rayo ya kinga iliyozeeka, na kwa uzi mwembamba bado ninaitumia. Kwenye triko unashika sindano mbili, na safu nzima ya vitanzi inakaa juu ya sindano: sindano ikichomoka, kilio. Kwenye kroshe kila kitanzi unakifunga kabla ya kuanza kingine. Kwetu nyumbani kitanzi tunakiita jicho, kama jicho la kiazi. Kwa hiyo ukiitwa sufuria inaungua, unaweka kazi chini, na kinachoweza kufunguka ni jicho moja tu.

Na ukikosea, unavuta uzi. Kosa linafunguka, uzi unabaki uleule. Mimi mtu wa shamba, hii ilinishangaza sana. Shambani ukikosea tarehe ya kupanda maharagi, umekosea musimu muzima, na mbegu haikurudilie. Hapa unarudi nyuma safu tatu, unaanza tena, hakuna mtu aliyelala njaa.

Kofia inaanzia katikati ya kichwa. Unaweka macho 6 kwenye duara. Safu ya pili macho 12, ya tatu 18, ya nne 24. Ukiongeza 6 kila safu, kitu kinabaki bapa kama sahani. Kikifika upana wa kichwa unaacha kuongeza, kinaanza kushuka kama bakuli, njo kofia hiyo. Sasa jaribu kuongeza kupita kiasi: pembeni zinajikunja kama jani la saladi. Na hapo simaanishi tu kwamba zinafanana. Jani la saladi linajikunja kwa sababu hiyohiyo, ukingo wake unakua haraka kuliko katikati yake. Miaka yote ya fakilte nilichora majani bila kuelewa jambo hilo. Nimelielewa na uzi wa rangi ya machungwa.

Kuna mwanahisabati mmoja, Daina Taimina, mzaliwa wa Latvia, aliyefundisha kwenye chuo kikuu cha Cornell kule Marekani. Mwaka 1997 alishika kroshe akafuma sura za jiometri ambazo ilikuwa shida kuwaonyesha wanafunzi kwa karatasi. Alifanya tu ile ya kuongeza macho bila kuacha. Nilipoisoma hiyo nilimusimulia mama. Akauliza: «Na yeye banamuulizaka uko na lisansi, unafuma nini?»

Mama njo aliyenifundisha, na haikuwa kwa amani. Miaka ile alikuwa anafuma naperoni za saloni: za viti, ya meza, ya juu ya televizyo. Msichana akiolewa, ilikuwa lazima aende na sete yake. Minervali yangu ya sekondari ilitoka mu hiyo sete. Mimi nilikuwa naona haya. Nilijiambia, nikishapata diplome, sitashika huo uzi hata siku moja.

Kisha ikafika Mei 2021. Nyiragongo ililipuka tarehe 22, jumamosi jioni. Tarehe 27 asubuhi tukaambiwa kartye kumi za muji ziondoke haraka, ya kwetu ikiwemo. Tulienda na batu wote barabara ya Sake, tukalala mu darasa la shule, familia nne juu ya saruji. Mimi nilibeba memware yangu na kompyuta isiyokuwa na moto. Mama alibeba sufuria, blanketi, na kifuko cha uzi. Nilikasirika: uzi wa nini, na tunakimbia volkano? Siku ya pili hatukuwa na la kufanya ila kusikiliza ardhi inatetemeka na kuhesabu. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka pia. Akanipa kile kijiti cha rayo bila kusema kitu. Nilifuma mnyororo, macho tu yanayofuatana, mrefu kama kamba ya mbuzi, haukuwa na kazi yoyote. Ila ukiwa unahesabu macho, hauhesabu mitetemeko. Watoto wa familia zingine walikuja kukaa karibu, na jioni mule darasani tulikuwa watu saba tunapokezana kijiti kimoja.

Ile memware ilikuwa juu ya mildiu ya viazi huku Kibumba. Wanaagronomia mnaijua: usiku wa baridi, umande mwingi, asubuhi majani yana madoa meusi, na wiki moja baadaye shamba linanuka. Phytophthora infestans. Miezi kadhaa baada ya kurudi Goma njo nilisoma kwamba ugonjwa huohuo una historia na kroshe. Kuanzia 1845 uliharibu viazi vya Ayalandi miaka kadhaa mfululizo. Watu karibu milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya hao walihama inchi. Katika njaa hiyo masista na wanawake wengine waliwafundisha wasichana kufuma dantela ya kroshe. Iliuzwa Uingereza na mbali zaidi, ikalisha nyumba nyingi, na wengine ikawalipia nauli ya meli. Nilikaa na hiyo habari siku nzima. Nilikuwa nimesoma mildiu miaka miwili, na hakuna aliyeniambia wakulima walishika nini mu mkono viazi vilipooza.

Sasa nifike kwenye jambo linalonichoma. Mtu akisoma hii ya Ayalandi, ataniambia: basi fanya bizinesi! Tayari nimeambiwa mara nyingi, na kuna vikao vya mafunzo ambamo vijana wanafundishwa kroshe siku tano, wanapewa karatasi, wanaambiwa sasa mko wajasiriamali. Tuwe wakweli. Kofia ya mtoto inanichukua jioni mbili. Kule Birere kofia ya kiwanda inauzwa kwa bei ambayo wakati mwingine hailipi hata uzi wangu. Ile ya kiwanda ni triko ya mashine. Kroshe ya kweli mpaka leo ni mkono wa mtu, na mkono hauwezi kushindana na mashine kwa bei. Saloni za siku hizi hazitaki tena naperoni. Mwisho wa Januari 2025 benki za Goma zilifunga milango, mradi niliokuwa nikifanyia kazi Masisi ulikatika, na pesa ndogo inayozunguka inaenda kwa unga na makala. Nani atanunua? Nimeuza kofia tano mwaka muzima. Siandiki hapa kuwadanganya.

Lakini kwa nini kila kitu tunachopenda lazima kiwe mradi? Hapo njo ninapotaka kubishana na yule jirani. Mimi natuma dosie za kazi, hakuna jibu. Naenda kwa kiongozi fulani, anasema nirudi wiki ijayo. Mu hayo yote hakuna kinachoisha. Saa kumi na mbili jioni naanza safu, saa tatu usiku safu kumi zimeisha, naziona, nazigusa. Kesho yake kuna kofia, na Goma ni muji wa baridi: tuko kwenye mita 1500 hivi, na upepo wa ziwa usiku haucheki na mtoto mchanga. Nimeshafumia watoto watatu wa avenyi yetu. Mmoja anaikataa, anaitupa kila siku. Sawa tu.

Kwa atakayejaribu, habari ya uzi, juu mpya ni ghali. Nenda kwenye mitumba, tafuta mapulo makubwa ya triko yasiyopendwa na mtu. Igeuze ndani nje, angalia mishono ya ubavuni. Kama kitambaa kilikatwa na makasi kisha kikashonwa na mashine, iache, utapata vipande vifupi tu. Kama kila kipande kilifumwa kwa umbo lake na ukingo mzima, fungua mushono, tafuta mwanzo wa uzi juu, vuta. Pulo moja kubwa inaweza kutoa kofia kadhaa. Uzi utatoka umejikunja kama nywele zilizofumuliwa. Uoshe, uanike na kitu kizito chini yake, utanyooka. Na choma kipande kidogo kwanza: sufu inanuka nywele zilizoungua na kugeuka majivu, akriliki inayeyuka na kuacha tone gumu. Ya akriliki usimuvalishe mtoto anayezunguka karibu na babula.

Umeme ukikatika, endelea. Mikono inajua njia. Nilijifunza hilo kwa mama, ambaye macho yake yamepungua tangu miaka miwili, uzi mweusi haoni tena kabisa. Juzi usiku nilikuwa nafuma gizani kofia ya mtoto wa dada yangu. Akanyoosha mkono, akaichukua, akapapasa safu kwa kidole gumba, polepole, midomo inahesabu.

«Ya tisa,» akasema. «Umeruka jicho.»

Niliwasha simu nikahesabu. Kweli, ya tisa. Nikavuta uzi.