Kulegeza na Kufungua

Miongoni mwa vitenzi ambavyo waandishi wetu wa leo huvichanganya bila ya kukusudia ni legeza, ambacho baadhi ya watu wa mwambao hukitamka regeza; kwani wengi hukiweka mahali pa fungua, na hali baina ya viwili hivyo pana masafa marefu.

Kufungua ni kukiondoa kifungo chenyewe, nacho ni kitenzi cha ukoo mmoja na kukunjua, kuzibua na kutegua, ambavyo kwa ile -ua ya mwishoni hutangua kitendo kilichotangulia. Kulegeza hakutangui kitu. Jahazi likipigwa na upepo wa ghafula hata likalalia ubavu, nahodha humwamuru baharia alegeze demani, yaani ile kamba iliyoshika pembe ya chini ya tanga. Naye huipa nafasi kidogo kidogo, tanga likapunguza kubeba upepo, chombo kikainuka, ilhali kamba ingali mkononi mwake. Lau angeifungua, tanga lingepigapiga ovyo na chombo kisingeongozeka.

Maana hiyo ndiyo iliyomo katika istilahi ya mafakihi, rukhsa, iliyo kinyume cha azima: msafiri huifanya sala ya rakaa nne kuwa mbili, mgonjwa hula mchana wa Ramadhani kisha akazilipa siku zake apatapo afya, na asiyepata maji hutayamamu kwa udongo safi. Faradhi haikuondoka, imelegezwa. Asili ya neno hilo katika Kiarabu ni ulaini, na shina lilo hilo ndilo lililotupa rahisi. Ali Hassan Mwinyi aliposhika urais wa Tanzania mwaka 1985, kisha akalegeza masharti ya biashara, watu walimlakabu Mzee Ruksa, nami naistahi sana busara ya waliomtungia lakabu hiyo.

Kwa hiyo anayeandika kwamba serikali imelegeza marufuku iliyokwisha kufutwa humpotosha msomaji, naye ingemtosha kusema imeifuta. Wala neno hili lisidhaniwe kuwa la aibu daima: mtu mlegevu hulaumiwa, naam, lakini macho malegevu husifiwa na watunzi wa mashairi ya mapenzi, na katika mashauri ya wazee, aliyelegeza kamba ni yule aliyepunguza ukali wa madai yake hali haki yake angali ameishika, kwani aliyeiachilia yote huambiwa amesalimu amri.