Ofisi Iliyokaa Tupu: Chunga Maji Yake

Je, umepata ofisi ya kodi nafuu katikati ya Nakuru au Kisumu, iliyokaa miezi bila mpangaji? Kabla ya kuhamia, uliza habari za maji. Maji yaliyolala ndani ya tangi na mabomba huweza kuzalisha bakteria wa Lejionela, hasa kwenye joto la nyuzi 25 hadi 45. Ukivuta pumzi yenye matone yake madogo, waweza kupata nimonia kali, hasa ukiwa mzee au mvutaji sigara.

Mwenye jengo aoshe tangi, kisha afungulie mifereji yote hadi maji mapya yatoke, madirisha yakiwa wazi. Ukishikwa na homa, kikohozi na kukosa pumzi, mweleze daktari kuhusu ofisi hiyo. Amoksilini haitibu ugonjwa huu.