Kipakatalishi hakinunuliwi kwa kutazama kibandiko

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Walimkusudia mvivu ambaye, msimu ukifika, hulaumu mpini na kutafuta kivuli. Hata hivyo, jembe la mwalimu na mwanafunzi wa leo ni kipakatalishi, au laptopu kama wengi wetu tunavyokiita, nacho huficha makali yake ndani. Asiyekichagua kwa makini atalima kwa butu, huku akilipa deni la kali.

Jambo hili ni zito zaidi kwa mkazi wa Garbatulla kuliko kwa mkazi wa Nairobi. Mashine ikiharibika, mwenyewe huenda akalazimika kuipeleka Isiolo mjini, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Fedha za kuinunulia nazo hazikuokotwa njiani. Mwalimu hukopa katika chama chake cha akiba, na mzazi huuza mifugo ili mwanawe asiende chuoni mikono mitupu. Ukame ulioanza mwaka 2020 ulikausha misimu mitano ya mvua mfululizo. Kila mnyama aliyesalia zizini ni hazina, na kumbadilisha kwa mashine isiyofaa ni hasara maradufu.

Wala si busara kukaa tukingoja serikali. Ahadi ya mwaka 2013 ya vipakatalishi kwa watoto wa darasa la kwanza iligeuka mradi wa tableti ulioanza mwaka 2016, na mradi huo ulilenga shule za msingi. Mwalimu wa sekondari na mwanafunzi wa chuo hawakuwamo. Na bado tume ya TSC hutaka tathmini ya utendakazi wa mwalimu ijazwe kwenye mtandao, baraza la KNEC hupokea alama za wanafunzi kwa njia hiyo hiyo, na mkopo wa HELB huombwa mtandaoni.

Basi mnunuzi atazame nini? Wengi wetu huingia dukani, katika barabara ya Luthuli jijini Nairobi au kwingineko, tukiwa na swali moja tu: "Ni Core i ngapi?" Muuzaji akijibu i7, mkono tayari uko mfukoni. Swali hilo halitoshi hata kidogo. Prosesa ndiyo bongo la kompyuta, na jina lake kamili hueleza mengi ambayo kibandiko hakielezi.

Chukua mfano wa Intel Core i5-8250U. Tarakimu 5 inaonyesha daraja. Tarakimu 8 inaonyesha kizazi, yaani prosesa hiyo ni ya kizazi cha nane, kilichoanza kutoka mwaka 2017. Herufi U inaonyesha kwamba iliundwa kutumia umeme kidogo. Ndani yake mna viini vinne vinavyogawana kazi. Sasa ilinganishe na Core i7-7500U ya mwaka 2016. Hiyo ina daraja kubwa kwa jina, lakini viini vyake ni viwili tu. Mwalimu akifungua jedwali la alama, kurasa kadhaa za mtandao na video ya somo kwa wakati mmoja, i5 ya kizazi cha nane humwacha nyuma huyo i7 mwenye jina. Kampuni ya AMD nayo ina Ryzen 5 3500U ya mwaka 2019, yenye viini vinne, ambayo mnunuzi asiidharau kwa sababu tu haina nembo aliyoizoea.

Kizazi kina uzito kwa sababu nyingine pia. Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Windows 11 nayo, isipokuwa katika hali chache mno, haizikubali rasmi prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha nane. Kwa hiyo, wingi wa mashine kuukuu zinazouzwa kwa bei ya chini zimefika ukingoni mwa njia yake. Anayezinunua na ajue hivyo mapema, au awe tayari kutumia mfumo wa bure kama Ubuntu.

Je, afadhali mpya ya bei nafuu? Rahisi huvunja upishi. Mashine nyingi mpya za bei ya chini zimewekwa Celeron N4020, yenye viini viwili, na hifadhi ndogo iliyochomelewa kwenye ubao hivi kwamba haibadiliki. Itaandika barua na mtihani, lakini kazi zikizidi, itakuchosha roho. Kama ni lazima iwe mpya, afadhali yenye Intel N100 ya mwaka 2023, iliyo na viini vinne na inayotumia umeme kidogo vilevile. La sivyo, mashine za ofisi zilizokwisha kutumika, kama vile ThinkPad, EliteBook au Latitude za kizazi cha nane au zaidi, mara nyingi ni imara na hufunguka kwa urahisi fundi anapozitengeneza.

Hata bongo zuri huhitaji mwili. Kumbukumbu ya kazi, wanayoiita ram, isipungue gigabaiti 8, na diski iwe ya SSD badala ya ile ya sahani inayozunguka. Mwenye fedha za kuongeza daraja moja la prosesa au kuongeza kumbukumbu na aongeze kumbukumbu. Faida yake ataiona kila siku.

Tusisahau jua na vumbi la kwetu. Prosesa yenye herufi H huwa na nguvu nyingi, lakini hula umeme na kutoa joto jingi. Hesabu ni nyepesi: betri ya saa-wati 50 ikihudumia mashine inayotumia wati 10, itadumu saa 5, ikihudumia inayotumia wati 25, itadumu saa 2. Kwa anayetegemea sola, tofauti hiyo ndiyo kusoma usiku au kulala mapema. Na kwa kuwa betri kuukuu huwa imepungua, mnunuzi aiwashe mashine bila chaja na kukaa nayo dukani walau nusu saa kabla ya kulipa.

Mfugaji wa Garbatulla hanunui ng'ombe kwa kusikia sifa za mwenye kuuza. Humtazama meno, humpapasa, humtembeza, huuliza alikozaliwa. Kwa nini mtoto wa mfugaji huyo anunue mashine kwa kusoma kibandiko? Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa yenye ubora unaofaa pamoja na habari zinazohitajika ili aifaidi. Kwa hiyo, kumtaka muuzaji aandike kwenye risiti jina kamili la prosesa, kiasi cha kumbukumbu, aina ya diski na muda wa dhamana si ukorofi. Ni haki. Anayekataa kuandika amekwisha kukujibu.

Walimu wana wajibu wa ziada hapa. Kabla ya wanafunzi wa kidato cha mwisho kutawanyika, wafundishwe kwa kipindi kimoja tu kusoma jina la prosesa. Na wazazi watakaopeleka mifugo sokoni kwa ajili ya kompyuta, waende dukani na mtu aliyefundishwa.