Babula na Swali la Daktari

Sogeeni, watoto wa Buyenzi. Mmoja wenu ameniuliza: "Mjomba, moyo ukisimama, daktari hawezi kuuamsha?"

Swali zuri hilo! Kuuliza si ujinga.

Pengine anaweza. Huweka viganja katikati ya kifua, akabonyeza kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Watafiti watatu wa Baltimore, Marekani, waliueleza ufundi huu mwaka 1960.

"Akibonyeza, moyo huamka?"

Hapo tumuulize Babula, jiko letu la makaa. Babula akakohoa, akasema: "Nipepee nikiwa na makaa, nitawaka. Nipepee makaa yamekwisha, utajirushia jivu tu."

Mnasikia? Kijana mzima moyo ukimsimama ghafla, makaa bado anayo. Apepewe upesi! Lakini mzee aliyeliwa na maradhi mazito, mara nyingi makaa yamekwisha. Ukimbonyeza, mbavu huweza kuvunjika, na moyo usiamke.

"Sasa nani ataamua, Mjomba?"

Aa, una akili wewe! Tuseme babu amelazwa hospitali ya Kamenge. Daktari mwema hangoji moyo usimame. Huja mapema, babu angali na kauli. Huvuta kiti, akaketi. "Mzee wangu, ugonjwa wako unauelewaje? Unaogopa nini? Siku zako ungependa ziwe vipi?" Kisha hunyamaza, asikilize. Babu akitaka wanawe wawepo, wataitwa. Ndipo daktari humweleza kupepea kunaweza nini na hakuwezi nini, kwa upole, bila kumficha. Watakalokubaliana huandikwa, ili na daktari wa zamu ya usiku alijue.

"Akisema asibonyezwe, ndiyo wamemwacha?"

Hasha! Asiyepepewa hakuachwa. Atapewa dawa. Atageuzwa kitandani. Atalowanishwa midomo. Atashikwa mkono.

"Na maumivu je?"

Yana dawa yake. Kule Uganda, daktari Anne Merriman alianzisha hospisi, yaani huduma ya kuwatunza wagonjwa wasioweza kupona, mwaka 1993. Wauguzi wa hospisi hiyo huwafuata wagonjwa hadi majumbani, na mofini ya maji ya kunywa. Asiyepepewa hakuachwa!

"Je, babu akibadili mawazo?"

Hilo sikulitarajia, hongera! Atamwambia daktari, na maandishi yatabadilishwa siku hiyo hiyo. Hata akibadili mara ya pili, daktari asinune. Moyo ni wa babu.